"Sukari ya mbetula" haitoki pale unapodhani: kuuelewa mti mweupe wa kaskazini

Mswahili aliyehamia Ujerumani au Ufini hukutana na jambo hili mapema, kwenye rafu ya duka la vyakula. Kuna mfuko wa chembe nyeupe zinazofanana kabisa na sukari ya kawaida, ila bei yake ni mara kadhaa zaidi, na jina lililoandikwa juu yake, Birkenzucker kwa Kijerumani au koivusokeri kwa Kifini, lina maana ya sukari ya mti fulani mweupe ambao huko umejaa kando ya barabara. Pembeni kuna chupa za maji yanayotoka katika mti huohuo, na mbele kidogo kuna unga wa kuvu inayoota juu yake, ukisifiwa kwa kila ugonjwa unaotajika. Picha ya mfuko ule ikitumwa katika kundi la familia nyumbani, maswali hufuatana: je, mti huo hugemwa sukari kama mnazi unavyogemwa tembo? Mgonjwa wa kisukari aweza kuitumia bila wasiwasi? Na je, ni kweli kwamba gome lake ni dawa ya saratani?

Kiswahili hakina jina la asili la mti huu, kwa kuwa hauoti wenyewe katika nchi zetu. Wataalamu wa mimea huuita Betula, na katika makala haya nitauita mbetula, kwa wingi mibetula. Ni jamii yenye spishi kadhaa, zilizoenea katika nusu ya kaskazini ya dunia, kuanzia Ulaya na Siberia hadi Japani, milima ya Himalaya, Kanada na Marekani. Baadhi ni miti mirefu yenye shina jeupe, na mmoja wao, ule wa tundra, yaani nyanda za baridi kali zisizo na miti mirefu, ni kichaka ambacho mara nyingi hakifiki kiunoni. Mbegu zake ni nyepesi na zina vibawa, hivyo msitu unapoungua au shamba linapoachwa, mbetula huwa miongoni mwa miti ya kwanza kushika ardhi. Huota haraka, huhitaji jua jingi, na kwa kawaida hauishi karne nyingi kama mwaloni au mbuyu.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba jina moja limebebeshwa vitu vingi vinavyotoka sehemu tofauti za mti, na ambavyo havihusiani kwa asili wala kwa kazi. Mtu wa pwani hawezi kuchanganya tembo, tui, makumbi na makuti, ingawa vyote ni vya mnazi, kwa sababu ameishi na mnazi tangu utotoni na anajua kila kitu kinachumwa wapi. Mbetula hatukukua nao, ndiyo maana gome lake, maji yake na mbao zake huishia katika sentensi moja. Njia iliyo nyepesi ya kuuelewa ni kuanzia nje ya shina na kuingia ndani, tabaka baada ya tabaka.

Tabaka la kwanza ni gome la nje, na hapa ndipo mbetula unapotofautiana na karibu kila mti mwingine. Gome hili ni ngozi nyingi nyembamba zilizolaliana kama manda za sambusa, na huchunika kwa kuzunguka shina, si kwa kushuka. Weupe wake unatokana na betulini, kemikali ambayo chembe zake hujaa katika seli za gome na kuakisi mwanga. Katika baadhi ya spishi ukipapasa shina, vidole hubaki na unga kama wa chaki. Weupe huo unaukinga mti, kwani mwishoni mwa majira ya baridi jua hupiga theluji na kumulika shina mchana, kisha usiku barafu hurudi, na shina la rangi nyeusi lingepata joto na kupasuka kwa mabadiliko hayo. Nyumba iliyopakwa chokaa hufanya kazi hiyohiyo dhidi ya jua la pwani. Hata hivyo si kila mbetula ni mweupe. Mbetula wa manjano wa Amerika Kaskazini una gome la rangi ya shaba, na ule uitwao mbetula mtamu, wa milima ya Appalachia, ni mweusi kabisa.

Pamoja na betulini, gome la nje lina suberini, kitu chenye asili ya nta ambacho ndicho kinachofanya kizibo cha chupa kisipitishe maji. Matokeo yake huonekana wazi msituni: mbetula ulioanguka huoza mbao zake zote kwa miaka michache, lakini gome hubaki zima, bomba tupu lililolala juu ya majani. Wanorwe walilijua hilo zamani wakaezeka nyumba kwa tabaka za gome la mbetula, kisha wakaweka udongo wenye majani juu yake. Mgeni huona nyasi juu ya paa na kudhani ndizo zinazozuia mvua, kumbe nyasi na udongo ni uzito tu wa kulikalia gome lisipeperuke.

Umahiri mkubwa zaidi wa kutumia gome hili ulikuwa wa watu wa asili wa Amerika Kaskazini, hasa Waanishinaabe na Waalgonquin wa eneo la Maziwa Makuu na misitu ya mashariki mwa Kanada. Mtumbwi wao haukuchongwa kutoka gogo. Karatasi kubwa za gome zilitandazwa, zikashonwa kwa mizizi ya msprusi, mti wa jamii ya misonobari, zikawekewa mataruma ya mbao nyepesi ndani, na mishono ikatiwa kalafati ya utomvu wa msprusi uliochanganywa na mafuta. Msomaji wa Lamu atakumbuka mtepe, ile jahazi iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Ni fikra ileile, iliyozaliwa mbali na pwani yetu bila mawasiliano yoyote. Mtumbwi mdogo wa gome uliweza kubebwa na mtu mmoja kutoka ziwa hadi ziwa, ilhali ile mikubwa ya wafanyabiashara wa ngozi, yenye urefu wa karibu mita 11, ilichukua mizigo ya tani kadhaa. Jambo moja huwashangaza watu: mtumbwi wa mbetula si mweupe. Gome hugeuzwa, upande wake wa ndani wa rangi ya kahawia ukatazama maji, na ule mweupe ukabaki ndani.

Gome lilikuwa pia daftari. Mwaka 1951, wachimbaji wa mambo ya kale katika mji wa Novgorod, Urusi, walifukua kipande cha gome kilichokunjamana na kukuta kina maandishi. Tangu hapo zaidi ya barua 1,100 zimepatikana katika tope la mji huo, ambalo halina hewa ya kutosha kuozesha vitu. Hazikuandikwa kwa wino; maneno yalikwaruzwa kwa kalamu ya chuma au mfupa, na ndiyo maana maji ya karne nyingi hayakuyafuta. Barua hizi si nyaraka za wafalme. Ni madeni, maagizo ya mume kwa mke, malalamiko juu ya ng'ombe, na zaidi ya yote kuna kazi za shule za mtoto aitwaye Onfim, wa karne ya 13, ambaye baada ya kuandika alfabeti alichoka, akajichora akiwa askari juu ya farasi. Mbali na hapo, katika eneo la Gandhara lililoko leo kati ya Pakistani na Afghanistani, watawa wa Kibudha waliandika kwa wino juu ya gome la mbetula wa Himalaya, na baadhi ya hati zao za karne ya kwanza zimehifadhiwa hadi leo.

Matumizi ya zamani kuliko yote ni lami. Ukilipasha gome moto mkali mahali pasipo na hewa ya kutosha, haliwaki, bali hutoa kiowevu cheusi kinachonata, kwa kanuni ileile inayomfanya mchoma mkaa afunike tanuri lake kwa udongo. Lami hiyo ilikuwa gundi. Mawe yaliyochongwa na kupakwa lami ya mbetula yamepatikana Campitello, Italia, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 200,000, yaani ni kazi ya Waneanderthali, kabla binadamu wa aina yetu hajakaa Ulaya. Ötzi, yule mtu aliyekutwa ameganda katika barafu ya Alpi mwaka 1991 baada ya miaka zaidi ya 5,000, alikuwa na shoka na mishale iliyogundishwa kwa lami hii, pamoja na vyombo viwili vya gome, kimoja kikiwa cha kubebea makaa ya moto. Watu waliitafuna pia, pengine ili ilainike, pengine kwa ajili ya meno. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitangaza kwamba kutoka katika donge moja la lami lililotafunwa miaka 5,700 iliyopita wameweza kusoma vinasaba vyote vya aliyelitafuna: alikuwa wa kike, mwenye ngozi nyeusi na macho ya buluu, na karibu na wakati ule alikuwa amekula bata na njugu za hazeli. Hakuna mfupa wake hata mmoja uliopatikana.

Sasa tufike kwenye madai ya tiba, kwa sababu mengi yanatokana na gome hili. Betulini, na asidi inayotokana nayo, imeonekana katika maabara ikiua baadhi ya seli za saratani, na kutokana na asidi hiyo ilitengenezwa dawa ya kujaribiwa dhidi ya VVU iliyofika hatua ya kupewa wagonjwa wa majaribio. Haikuwahi kuidhinishwa. Kuua seli ndani ya kichupa ni jambo ambalo hata sabuni huliweza; kumponya mgonjwa ni safari nyingine, na wanaouza gome mtandaoni huiruka safari hiyo kwa makusudi. Lililothibitishwa ni dogo zaidi, na kwa maoni yangu linapendeza zaidi: jeli yenye dondoo la gome la mbetula iliidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023, kwa ajili ya kusaidia vidonda vya watu waliozaliwa na ugonjwa wa nadra ambao ngozi yao huchubuka na kutoka malengelenge kwa kuguswa tu. Ni jeli ya kupaka, kwa vidonda maalumu, kwa agizo la daktari.

Kuvu ya chaga, ile inayouzwa ikiwa unga, si sehemu ya mti hata kidogo. Ni maradhi ya mti. Huingia kupitia jeraha, huozesha mbao kwa ndani, na kutokeza nje kama bonge la mkaa. Warusi wamekunywa chai yake kwa muda mrefu, lakini hakuna ushahidi thabiti kwa binadamu kwamba inatibu saratani, na kwa kuwa ina oksalati nyingi, watu walioinywa kwa wingi wamewahi kuharibikiwa na figo. Kinyume chake, kitu kimoja cha mbetula tunakijua bila kujua: harufu kali ya dawa nyingi za kuchua misuli ni ya salisilati ya methili, ambayo zamani ilikamuliwa katika magome na matawi ya ule mbetula mweusi wa Appalachia. Leo hutengenezwa viwandani, na mti wenyewe umepumzika.

Je, kuchuna gome huua mti? Jibu linategemea kisu kimeingia wapi. Chini ya gome la nje kuna gome la ndani, lililo hai, linalosafirisha chakula kutoka majani kwenda mizizini. Likikatwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Wachunaji stadi hukata ngozi ya nje tu mwanzoni mwa majira ya joto, wakati inapoachia kwa urahisi, na mti huendelea kuishi ukiwa na kovu jeusi ambalo weupe wa kwanza haurudi. Mafundi wa vitambaa vya magome nchini Uganda wana ustadi ulio kinyume: wao huhitaji lile gome la ndani la mti uitwao mutuba, hulivua, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba ili litoe jingine.

Baada ya gome ni maji. Kila mwaka, theluji inapoyeyuka na kabla majani hayajachipua, mizizi ya mbetula husukuma maji kwenda juu kwa nguvu, na ukitoboa tundu dogo chini ya shina na kuweka mrija, hutiririka lita kadhaa kwa siku. Mgema wa mnazi hupanda kileleni. Mgema wa mbetula huinama tu. Msimu ni wa wiki chache, na maji yenyewe huharibika ndani ya siku chache yasipogandishwa. Waliosoma Urusi na Ukraine enzi za Muungano wa Kisovieti wanayakumbuka katika mitungi ya kioo ya lita tatu, kama wanavyolikumbuka neno beryozka, "mbetula mdogo", lililokuwa jina la maduka ya kununulia kwa fedha za kigeni. Maji haya yana sukari kiasi cha asilimia 1 tu, nayo ni glukosi na fruktosi. Ili kupata lita moja ya asali yake nzito, wapishi wa Alaska huchemsha lita 100 hivi, ambapo kwa mti wa mepo (maple), mti mwingine wa kaskazini unaogemwa, zingetosha lita 40. Matangazo ya kisasa husema kwamba yanasafisha figo na damu, na hapo ule usemi wa mgema na sifa unakuja wenyewe. Ni kinywaji kizuri, kilicho karibu na maji ya kawaida kuliko dafu. Wenye kuishi Ufini wajue pia kwamba ile haki ya kila mtu ya kuchuma matunda na uyoga msituni haihusu maji ya miti wala magome. Lazima kumwomba mwenye shamba.

Maji yanapokoma, majani huchipua na mashada ya maua huning'inia, yakimwaga chavua inayobebwa na upepo kwa wingi wa ajabu. Mzio wa chavua ya mbetula ni miongoni mwa mizio inayosumbua watu wengi zaidi Ulaya ya kaskazini. Mwafrika aliyehamia huko huweza kukaa salama miaka kadhaa kisha akaanza kupiga chafya na kuwashwa macho mwezi Mei, kwa sababu mwili huhitaji muda wa kukutana na kitu ndipo ukichukie. Ajabu ni kwamba baadhi yao hugundua pia kwamba tofaa, karoti au njugu za hazeli mbichi zinawawasha kinywani, kwani protini za vyakula hivyo zinafanana na ile ya chavua. Vikipikwa, mara nyingi muwasho huisha. Matawi yenye majani yayo hayo yakifungwa fungu ndiyo vihta, ambayo Wafini hujipigia mgongoni ndani ya sauna ili kuchangamsha damu. Waingereza waliyatumia matawi ya mbetula kwa kazi isiyo ya starehe, kuchapia watu viboko, na mwaka 1978 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, katika kesi ya kijana wa Kisiwa cha Man, kwamba adhabu hiyo inadhalilisha.

Tabaka la ndani kabisa ni mbao, na hapa ndipo penye fedha. Mbao za mbetula ni nyeupe, ngumu kiasi, hazina harufu wala ladha, hivyo hufaa kwa vijiti vya aiskrimu na vya kuchokolea meno. Nje kwenye mvua huoza upesi, kinyume cha gome lake. Nguvu yake hasa ni katika plaiwudi: gogo huzungushwa dhidi ya kisu kirefu, likamenywa kama chungwa linavyomenywa bila kukata ganda, kisha karatasi hizo hugundishwa huku nyuzi za kila moja zikikingama na za nyingine. Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, ilikuwa na mwili wa plaiwudi ya mbetula iliyobana mbao nyepesi za balsa. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku mbao za Urusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, plaiwudi hii ilianza kupitia Kazakhstan na Uturuki, hata mwaka 2024 ushuru wa bidhaa ya Urusi ukapanuliwa hadi nchi hizo mbili. Mabaki husagwa kuwa karatasi. Nyuzi zake ni fupi, sawa na za mkaratusi tunaoujua, zinazofanya karatasi iwe laini.

Na katika mbao hizo, si katika maji, ndimo "sukari ya mbetula" inamotoka. Sehemu ya mbao ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo zailosi. Kiwandani mnyororo huvunjwa kwa asidi, kisha zailosi huongezewa haidrojeni na kuwa zailitoli, kitu chenye utamu karibu sawa na wa sukari lakini chenye kalori takriban 2.4 kwa gramu badala ya 4. Emil Fischer wa Ujerumani aliitengeneza mwaka 1891. Wafini ndio walioifanya kuwa jambo la kila siku, baada ya utafiti wa miaka ya 1970 mjini Turku kuonyesha kwamba bakteria wanaotoboa meno hawawezi kuila wakatoa asidi. Jina la mbetula lilibaki tangu wakati huo, lakini leo zailitoli nyingi hutengenezwa kwa magunzi ya mahindi, ambayo yana mnyororo uleule. Mnunuzi huenda analipia picha ya msitu wa theluji kwa kitu kilichotoka kwenye magunzi. Mwilini hakuna tofauti.

Kwa mgonjwa wa kisukari, zailitoli hupandisha sukari ya damu kidogo sana kuliko sukari ya miwa, ila hupandisha, na haitibu kisukari. Ukila nyingi kwa mara moja utaharisha. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani na Ulaya uliohusisha zaidi ya watu 3,000, ulioonyesha kwamba wenye zailitoli nyingi katika damu walipata zaidi shambulio la moyo na kiharusi. Vichwa vya habari vilitisha, lakini mwili wenyewe pia hutengeneza zailitoli kidogo, na kwa wengi waliopimwa haikujulikana kama walikuwa wameila, kwa hiyo utafiti huo haukuthibitisha kwamba bazoka ya kutafuna inaziba mishipa. Ni sababu ya kuwa na kiasi, hasa kwa anayetaka kuoka keki nzima kwa mfuko ule wa Birkenzucker.

Kuna mmoja nyumbani ambaye hana nafasi ya kuwa na kiasi. Mwili wa mbwa huipokea zailitoli kama sukari halisi, humwaga insulini nyingi kwa ghafla, sukari ya damu ikaporomoka ndani ya saa moja hivi, na ini laweza kufa. Kwa kuwa baadhi ya pakiti hutaja mti pekee, mwenye mbwa atafute kwenye orodha ya viambato alama ya E 967, ambayo katika nchi za Ulaya ndiyo namba ya zailitoli, iwe imetoka kwenye mbetula au kwenye gunzi.